Unganisha mashine ya kukuna nazi kwenye kompyuta kabla hujakata chuma

Fremu kwanza. Kila kijana anayekuja karakanani kwangu Changamwe na kompyuta yake namwambia hivyo kabla hajafungua programu, maana wengi huanza na mota kwa kuwa inapendeza macho, kisha vipande vyote vinaelea ovyo.

Tuchukue mashine ya umeme ya kukunia nazi, kama za wauza nazi wa Kongowea: fremu ya vyuma vya pembe, shafti ya milimita 20, beringi mbili za UCP204 (zenye kitako cha kufungwa kwa bolti), puli, mkanda, mota na kichwa cha meno. Mimi natumia FreeCAD, programu ya kuchorea vipande vya mashine. Haina malipo, na tangu toleo la 1.0 la Novemba 2024 ina sehemu yake yenyewe ya kuunga vipande.

Chora kila kipande katika faili lake na ulihifadhi. Fungua faili jingine la mashine nzima, ulihifadhi nalo, ndipo ulete vipande. Fremu ikiingia tu, ifunge palepale isisogee tena.

Sasa fikiria hivi. Kipande kilicho huru kina miendo 6: husogea pande 3 na huzunguka kwa njia 3. Kila kiungo unachoweka, yaani amri ya kushikanisha vipande viwili, kinapunguza miendo hiyo, na ufundi wenyewe ni kujua upi wa kubakisha. Kitako cha beringi hakibaki na hata mmoja. Shafti inabaki na mmoja, kuzunguka.

Kwenye UCP204, matundu ya bolti yameachana milimita 95 na kitovu cha shafti kiko milimita 33.3 juu ya kitako. Toboa mchoro wa fremu kwa kipimo hicho. Chagua mduara wa tundu la fremu na wa tundu la beringi, uweke kiungo kisichocheza. (Matundu halisi ya beringi ni marefu kidogo ili uweze kurekebisha, kwenye mchoro mimi huyafanya mviringo.)

Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaiunga shafti na beringi zote mbili kwa kiungo cha kuzunguka, na programu inalalamika kuwa viungo vimezidi. Iunge na beringi ya kwanza peke yake. Ile ya pili iache iwe shahidi wako. Kama shafti haipiti katikati ya tundu lake, fremu ndiyo yenye kosa. Rudi uirekebishe huko, usiivute beringi ifuate shafti.

Puli na kichwa cha meno vifunge kwenye shafti, mota kwenye fremu. Kisha kamata shafti kwa mausi uizungushe duara zima, ukitazama kama meno yanagusa chuma popote.

Kuna jambo moja ambalo kompyuta haikuniambia. Fremu yangu ya kwanza ilikaa sawasawa kwenye mchoro, lakini chuma cha kuimarisha nilikipitisha karibu mno na bolti za beringi. Spana namba 17 haikuingia. Tulikata kwa grainda na kuchomelea upya, siku nzima ikapotea na mteja anangoja. Tangu siku hiyo nina faili la spana. Naileta spana hiyo kwenye kila bolti, naizungusha, na pasipopita nahamisha chuma.