Namna ya kulinganisha umri wa chaza wa baharini na wa popo

Mwalimu wa baiolojia wa hapa Mwanza akitaka kuwafundisha wanafunzi wake ulinganishi wa viumbe walio mbalimbali kabisa, na aanze na swali moja tu, kwa sababu anayelinganisha chaza na popo katika kila jambo hupata orodha ndefu ya tofauti ambazo hata mtoto anazijua. Mimi ningechagua umri. Chukua Arctica islandica, chaza wa Atlantiki ya Kaskazini, na Myotis brandtii, popo mla wadudu wa Ulaya na Asia mwenye uzito wa gramu 7 hivi.

Kabla ya kuandika tarakimu yoyote, uliza umri huo ulijulikanaje. Gamba la chaza huyo huongeza mstari kila mwaka, na wataalamu hulikata, hulisugua na kuihesabu mistari kwa hadubini. Chaza mmoja aliyetolewa katika bahari ya Iceland mwaka 2006 alikadiriwa kwanza kuwa na zaidi kidogo ya miaka 400, lakini hesabu iliporudiwa, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalikuwa miaka 507, kwani mistari ilikuwa imesongamana mno. Wanafunzi na waokote magamba ya kome ufukweni mwa ziwa, wapapase mistari yake kwa kidole, ila waandike “mistari” wala si “miaka”, maana ziwa letu halina majira ya baridi kali yanayotenganisha mwaka na mwaka.

Popo alijulikana kwa njia nyingine: alivishwa pete huko Siberia, akaachwa aende, akanaswa tena baada ya miongo kadhaa akiwa hai. Ndiyo maana tunasema aliishi angalau miaka 41. Neno hilo “angalau” lisiachwe kwenye jedwali, kwa kuwa umri wa chaza ulihesabiwa hadi mwisho wake, ilhali wa popo ulikuwa ukiendelea.

Kisha mlinganishe kila mmoja na wanaomkaribia. Panya mdogo wa nyumbani, aliye mzito kuliko popo huyu, ni nadra kupita miaka 3 hata akifugwa. Kwa kipimo hicho popo anastaajabisha sana, ingawa miaka yake ni michache mbele ya ile ya chaza.

Popo wa Mwanza waangaliwe jioni kwa mbali. Hata aliyeanguka chini asishikwe, kwani kuvisha pete ni kazi ya wataalamu waliochanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.