Jinsi ya kutembelea hekalu la Hatshepsut bila kupitwa na stori yake

Kama unaenda Luxor, kule Misri, tafadhali usifanye kama wengi wanavyofanya, wanashuka kwa basi, wanapiga selfi pale chini, wanapanda ngazi mbio mbio, nusu saa washamaliza. Hekalu hili, lililoko sehemu inayoitwa Deir el-Bahari, ni la kusoma, yaani stori yenyewe iko ukutani.

Kwanza amka alfajiri. Mji uko mashariki mwa Nile, hekalu liko magharibi, kwa hiyo vuka na boti halafu chukua teksi (mpatane bei kabla hujapanda). Hekalu linatazama mashariki, asubuhi jua linalipiga usoni linang'aa vizuri sana, ila ikifika saa tano ule mwamba wa nyuma unakuwa kama jiko. Beba maji na kofia.

Kabla hujaingia mjue mwenye hekalu. Hatshepsut alikuwa binti wa Thutmose wa kwanza, akaolewa na Thutmose wa pili, mume akafa akaacha mtoto wa mke mwingine, ndo Thutmose wa tatu. Akaanza kwa kumshikia mtoto kiti, baada ya miaka michache akajitawaza farao kamili, akatawala kama miaka 20, karibu 1479 hadi 1458 KK. Hapa hakuzikwa, kaburi lake liko ng'ambo ya mwamba, Bonde la Wafalme. Hapa ni pa sadaka na ibada zake.

Sasa panda hadi baraza la kati, usiende juu kwanza. Geuka kushoto, hapo ndo pa kukaa muda mrefu. Ni safari ya Punti, nchi iliyokuwa huku upande wetu wa Afrika, maeneo ya Pembe na Bahari ya Shamu. Tazama nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo na ngazi ya kupandia, samaki chini ya merikebu waliochorwa mpaka mapezi, nyani, na miti ya manemane ikibebwa na mizizi yake ndani ya vikapu, watu wameweka gongo la kubebea mabegani. Kwenye mizigo kuna mpingo pia, mpingo huu huu tunaoujua sisi, mimi hapo nilisimama sana.

Kisha nenda kulia, kuna stori ya kuzaliwa kwake, kwamba baba yake halisi ni mungu Amun. Ndivyo alivyohalalisha kiti.

Hapo ndo uangalie kwa makini sehemu zilizofutwa. Utaona umbo la mtu limekwanguliwa lote, mikono, taji, kila kitu, limebaki kama kivuli kwenye jiwe, na alama za patasi bado zipo. Ni kazi ya Thutmose wa tatu, tena aliifanya miaka mingi baada ya huyu mama kufa, kwa hiyo mimi siamini ilikuwa hasira tu, naona alikuwa analinda kiti cha mwanae.

Ukipata mwongoza watalii mzuri mwombe akuonyeshe alama ndogo ya nusu duara, kama nusu mkate, hiyo ni "t" ya kike, herufi inayoonyesha kwamba anayetajwa ni mwanamke. Mafundi walifuta majina lakini hizo waliziacha sehemu nyingi. Champollion, yule Mfaransa aliyefumbua maandishi ya Misri ya kale, alipofika 1829 alichanganyikiwa kabisa, anaona mfalme mwenye ndevu (ndivyo Hatshepsut alivyochorwa kama farao), anasoma maneno ya mwanamke.