Mtoto wa mbwa mdogo: mfuko wa chakula usomwe kwa nyuma

Saa moja asubuhi, hata ukumbi hatujafagia, mama mmoja aliingia kliniki kwetu Dar es Salaam na kikapu cha sokoni. Ndani, juu ya kanga, kulikuwa na Maltese wa wiki tisa, gramu 900, amelegea kama tambara lililolowa.

"Daktari, huyu kalishwa sumu. Mlinzi hajui, dada wa kazi hajui."

Mimi ni msaidizi wa daktari, lakini wenye mbwa huniita daktari na nimezoea kuitika. Nikamfunua mdomo: fizi nyeupe, baridi. "Mama, mara ya mwisho alikula saa ngapi?" Jana, saa nane mchana. Ugali na mchuzi.

Nikampaka asali kwenye fizi kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, tukamfunga taulo pamoja na chupa ya maji ya moto, daktari akamtundikia dripu ya glukosi. Baada ya nusu saa alikuwa ananitafuna kidole.

Sumu haikuwapo. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka, na ilishuka kwa sababu ya chakula: aina yake, kiasi chake na saa zake. Huyu Maltese ndiye nitakayemtumia kupiga hesabu zote hapa chini.

Kwanza tuelewane nani ni mbwa mdogo. Ni yule ambaye akikomaa hapiti kilo 10 hivi: Maltese, Shih Tzu, Chihuahua, Pomeranian, Yorkshire Terrier na wenzao. Kama wako ni mchanganyiko na hujui ataishia wapi, muulize muuzaji uzito wa mama yake. Hawa wana tumbo dogo na akiba ndogo ya sukari kwenye ini, huku mwili unachoma nguvu haraka mno. Maltese wetu anahitaji kalori 216 hivi kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mtoto wa German Shepherd wa kilo 16 anahitaji 105 tu kwa kila kilo. Kwa hiyo ushauri wa jirani aliyekuza mbwa wa geti, hata kama anautoa kwa moyo mweupe, haukufai.

Hatua ya 1: Mpime kabla hujaenda dukani

Chukua mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Weka bakuli, irudishe kwenye sifuri, mtie mtoto ndani. Atajigeuzageuza, subiri atulie. Andika.

Sasa fungua kikokotoo cha simu. Uzito wa kilo uandike mara tatu na uzidishe zote pamoja, kisha bonyeza kipeuo cha pili (ile alama ya √) mara mbili. Jibu zidisha kwa 70, halafu kwa 3. Kwa Maltese wetu: 0.9 × 0.9 × 0.9 ni 0.729. Kipeuo cha kwanza kinaleta 0.854, cha pili 0.924. Mara 70, unapata 65 kasoro. Mara 3, kalori 194 kwa siku.

Mfuko mzuri huandika nyuma kalori za kila kilo, zile za kcal. Tuseme ni 3,800, maana yake 3.8 kwa kila gramu. Gawa 194 kwa 3.8: gramu 51 kwa siku nzima. Akishafika miezi minne, badala ya 3 zidisha kwa 2.

Watu hucheka nikiwaambia wapime chakula cha mbwa kwa gramu. Lakini kwa mbwa wa kilo moja, gramu 10 za kukosea ni sehemu ya tano ya chakula chake. Hesabu hii ni ya kuanzia tu. Huko mbele mbavu zake ndizo zitakazosema kama uongeze au upunguze.

Hatua ya 2: Geuza mfuko

Mbele kuna picha ya mbwa anayeng'aa na mnofu mwekundu. Huko mbele kuna matangazo. Geuza.

Tafuta sentensi inayosema chakula ni kamili, kwa maandishi ya mfuko "complete" au "complete and balanced", na kwamba ni cha ukuaji: "growth", "puppy", au "all life stages", yaani umri wote. Ya Marekani hutaja viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo, ya Ulaya hufuata FEDIAF, umoja wa watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani. Ukiona "complementary", hicho ni kitoweo cha kuongezea. Hakiwezi kuwa mlo wa kila siku. Ukiona "adult" au "maintenance", mrudishie muuzaji, hata akikuapia kwamba wateja wake wote huwapa watoto.

Kisha namba. Kwa viwango vya AAFCO chakula cha ukuaji kinatakiwa kiwe na protini isiyopungua asilimia 22.5, mafuta 8.5 na kalsiamu 1.2. Cha mbwa mkubwa kinaruhusiwa kushuka hadi protini 18. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu asilimia hizo ni za chakula kilichotolewa maji yote, na mfuko au kopo huandika pamoja na maji. Mama mmoja aliniletea kopo limeandikwa protini 9, amekasirika kwamba ametapeliwa. Kopo lile lilikuwa na maji asilimia 78. Toa 78 kwenye 100, inabaki 22. Gawa 9 kwa 22: karibu asilimia 41. Lilikuwa chakula kizuri kuliko mfuko aliouacha nyumbani. Punje kavu huwa na maji kama asilimia 10, kwa hiyo mfuko ulioandikwa 28 una 31 ukitoa maji.

Orodha ya vilivyomo isikuteke sana. Hupangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa, na nyama mbichi ina maji mengi. Ikiandikwa ya kwanza haina maana kwamba ndiyo nyingi zaidi baada ya kukauka.

Tarehe ya mwisho wa matumizi: isome kwenye mfuko wenyewe, usikubali ya kuambiwa.

Hatua ya 3: Punje iwe kama kunde

Ikizidi ukubwa wa kunde sana, mtoto ataitema au ataimeza nzima. Ana meno ya utoto 28, membamba kama sindano, na yataanza kutoka kupisha meno 42 ya ukubwani akiwa na miezi minne hivi. Kipindi hicho fizi zinauma, na mwenye mbwa hudhani mbwa kakichoka chakula, akabadilisha mfuko bure. Lowanisha punje kwa maji ya vuguvugu dakika kumi. Kwa joto letu, kilicholowa kikibaki saa nzima kwenye bakuli, mwaga.

Hatua ya 4: Nunua mfuko mdogo, na uwe umefungwa

Kwa gramu 51 kwa siku, mfuko wa kilo moja na nusu unamtosha Maltese wetu siku 29. Usivutwe na bei ya jumla ya mfuko wa kilo 10. Mfuko ukishafunguliwa, mafuta yanaanza kuharibika, na unyevunyevu wa Pwani hausubiri. Ukipita wiki sita, harufu yake utaisikia kabla hujafika jikoni.

Kuna wanaouza kwa kupima, wakichota kutoka kwenye gunia lililo wazi. Ni rahisi, naelewa. Lakini pale huoni tarehe, huoni kama ni cha watoto, wala hujui gunia lina siku ngapi wazi. Na kuna sumukuvu. Punje nyingi zina mahindi ndani yake, na fangasi wa mahindi yaliyopata unyevu hutoa sumu inayoharibu ini. Haichagui kiumbe: mwaka 2004 nchini Kenya iliua watu 125, na mwaka 2016 ikaua watu tena Dodoma na Manyara. Mbwa huathirika nayo kwa urahisi, na kupika hakuiondoi. Hata ule unga wa mahindi ulioingia ukungu ambao nyumbani mmeukataa, usimpikie mbwa.

Acha punje ndani ya mfuko wake, ukunje mdomo, kisha utie mfuko mzima kwenye ndoo yenye mfuniko. Mbali na jiko.

Kuhusu bei: gawa bei ya mfuko kwa kilo, kisha uangalie gramu zake za siku. Tuseme kilo ni shilingi 20,000. Gramu 51 ni shilingi 1,020. Haifiki sahani ya chipsi. Mbwa mdogo ndiye mbwa pekee ambaye mwenye kipato cha kawaida anaweza kumlisha chakula kizuri, na ndiye tunayembania.

Hatua ya 5: Gawa milo kwa saa

Hadi miezi minne, milo minne. Hadi miezi sita, mitatu. Baada ya hapo miwili inatosha, ingawa kwa Chihuahua na wenzake wadogo kabisa mimi huacha mitatu.

Gramu 51 kwa milo minne ni 13 hivi kila mlo, kama nusu ya kikombe cha kahawa ya kijiweni. Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni, saa nne usiku. Ule wa saa nne ndio muhimu kuliko yote, na ndio unaosahaulika. Usiku ni mrefu kwa mwenye gramu 900.

Asali iwe karibu. Ukimwona anayumba, anatetemeka au amelala na haamki vizuri, mpake kidogo kwenye fizi na uende kliniki papo hapo. Usimmiminie mdomoni: asiyemeza atapaliwa.

Hatua ya 6: Badilisha pole pole

Muulize muuzaji alikuwa anakula nini, uombe hata konzi moja. Siku mbili za mwanzo changanya robo ya chakula kipya, mbili zinazofuata nusu, mbili nyingine robo tatu, ya saba kipya chote. Akiharisha, rudi nyuma hatua moja.

Hatua ya 7: Ugali, dagaa na mchuzi

"Daktari, wa kwanza alikula ugali na dagaa akaishi miaka kumi na mbili." Nasikia hilo kila wiki, na simkatalii mtu. Mbwa yule alikuwa wa kilo 25, alizurura, aliokota mengine asiyoyaona mwenyewe.

Ugali sehemu kubwa ni maji. Maltese wetu ili apate kalori 194 kwa ugali mtupu angehitaji kama gramu 150, sehemu ya sita ya uzito wake. Ni kama mtu wa kilo 60 ale kilo 10 za ugali kwa siku. Tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa.

Nyama tupu nayo ina balaa lake. Ina fosforasi tele na kalsiamu kiduchu, hivyo mwili unaichomoa kalsiamu kwenye mifupa. Nimeshika mtoto aliyelelewa kwa maini na steki, kwa mapenzi kabisa, akavunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye kochi. Dagaa wana nafuu kwa kuwa huliwa na mifupa yao, lakini waoshe mchanga, waloweke chumvi itoke, uwachemshe.

Vya nyumbani visizidi sehemu ya kumi ya kalori zake. Kwa huyu wetu ni robo ya yai la kuchemsha, basi.

Mchuzi usimpe kabisa. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na hakuna mchuzi wetu usio navyo. Zabibu, chokoleti, makadamia, na bazoka isiyo na sukari iliyotiwa zailitoli, kile kitamu cha badala ya sukari: kwa mbwa mdogo kiasi kidogo tu ni hatari. Mifupa ya kuku iliyopikwa huchanika ikawa misumari. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi.

Hatua ya 8: Mwangalie yeye

Kila Jumamosi mpime, uandike. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi bila kukandamiza, lakini zisihesabike kwa macho. Ukimtazama kutoka juu, aonekane kiuno. Zikipotea chini ya mafuta, punguza sehemu ya kumi ya gramu. Zikitokeza, ongeza hiyohiyo. Kinyesi kishikane, kiokoteke bila kuacha alama.

Tumbo kubwa na miguu myembamba mara nyingi ni minyoo, na hakuna mfuko utakaoishinda. Dawa ya minyoo hutolewa kila wiki mbili kuanzia wiki ya pili hadi ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Akitapika na kuharisha damu, acha mambo ya chakula. Hiyo inaweza kuwa pavo, ugonjwa hatari wa virusi, na ni ya kumwona daktari siku hiyohiyo.

Kati ya miezi 10 na 12 atakuwa amemaliza kukua. Hapo mhamishie chakula cha mbwa mkubwa wa aina ndogo, kwa ile ile wiki moja ya kuchanganya.

Yule Maltese alirudi kwa chanjo akiwa na kilo moja na gramu 350. Mlo wa saa nne usiku anapewa na mlinzi, maana ndiye aliye macho. Uzito anaandika dada wa kazi, kwenye daftari lilelile la hesabu za maziwa na mkate, na aliponionyesha niligundua kwamba wiki ya tatu amempima mbwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mkia ulikuwa umening'inia nje ya bakuli ukagusa meza.