Kurahisisha msimbo wa kutenga kumbukumbu katika draiva ya Linux

Tuchukue draiva (programu ya kuendesha kifaa ndani ya kerneli, kiini cha Linux) ya kifaa cha kupimia maji kujaa na kupwa gatini Mkoani, Pemba. Ikianza, huomba nafasi ya vipimo `n`, kwa mtindo uliojaa katika draiva za zamani:

```
p = kmalloc(n * sizeof(struct kipimo), GFP_KERNEL);
if (!p) {
    pr_err("hakuna kumbukumbu\n");
    return -ENOMEM;
}
memset(p, 0, n * sizeof(struct kipimo));
```

`kcalloc` hutenga na kujaza sufuri kwa mara moja, hivyo yote hayo yanatosha humu:

```
p = kcalloc(n, sizeof(*p), GFP_KERNEL);
if (!p)
    return -ENOMEM;
```

Ufupi ni faida ndogo. Kwenye bodi ya biti 32, kipimo kimoja kikiwa baiti 16 na `n` ikafika 268435457, hesabu inapita kikomo na jibu linarudi kuwa baiti 16 tu. `kmalloc` itazitoa bila kulalamika, kisha draiva itaandika juu ya kumbukumbu isiyo yake. `kcalloc` hulikamata kosa hilo na kurudisha NULL. Nayo `sizeof(*p)` hufuata aina ya kielekezi, hivyo ukibadilisha muundo huna mstari wa pili wa kukumbuka. `pr_err` ifute: kerneli yenyewe huchapa onyo nafasi ikikosekana.

Safu ikiwa kubwa, tumia `kvcalloc` na uiachie kwa `kvfree`. Lakini kurasa zake huenda zisifuatane katika RAM, kwa hiyo usiipe DMA (njia ya kifaa kusoma na kuandika RAM bila kupitia CPU).

`GFP_KERNEL` na `GFP_ATOMIC`, bendera zinazosema kumbukumbu itafutwe vipi, usizibadilishane kwa ajili ya usafi. Ombi lenye ya kwanza linaweza kulala, yaani kusubiri. Ukiwa umeshika `spin_lock` (kufuli ambayo mwenye kuishika haruhusiwi kulala) au unahudumia katizo, hiyo ni hatari. Washa chaguo la kerneli `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP` likuonyeshe kosa hilo.

Upande wa kuachia, `if (p)` kabla ya `kfree(p)` haina kazi, kwani `kfree(NULL)` haidhuru. `devm_kcalloc` huondoa lebo nyingi za `goto`, maana kerneli huachia kumbukumbu yenyewe `probe` (fanksheni ya kuanzisha kifaa) ikishindwa au kifaa kikiondolewa. Hapa ndipo watu huteleza. Waya wa USB ukichomoka siku ya bamvua huku programu bado imefungua faili la kifaa, kumbukumbu ya `devm` imeshaachiwa na programu inaendelea kuisoma. Data inayofikiwa kupitia faili lililofunguliwa ipe `kzalloc` na `kref` (kihesabu cha wanaoitumia), iachiwe msomaji wa mwisho akishafunga.

Kwa kielekezi kinachoishi ndani ya fanksheni moja, kuanzia toleo 6.5 (2023) kuna `__free(kfree)`, inayokiachia yenyewe ukitoka humo. Kipe thamani palepale unapokitangaza, hata kama ni NULL. Vinginevyo ukirudi mapema `kfree` itapokea takataka.

Kila badiliko liwe kiraka (patch) chake. Jaribu ndani ya QEMU (kompyuta ya kuigiza) ukiwa umewasha KASAN, kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu, kwa sababu KASAN hula moja ya nane ya RAM na bodi ndogo huenda isiistahimili. Kisha washa `failslab`, inayofanya maombi ya kumbukumbu yashindwe makusudi, ili njia za kushindwa nazo zipitiwe.