Tapeti zipimwe injini ikiwa baridi

Wenzangu wa boda hapa Malindi, tapeti, yaani ule mwanya mdogo kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na valvu yenyewe, hazipimwi injini ikiwa ya moto. Ukitoka Mambrui saa saba mchana ukafungua vifuniko papo hapo, kipimo utakachopata ni cha uongo, kwa sababu chuma kimetanuka. Iache ilale, upime alfajiri kabla ya abiria wa kwanza.

Toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi. Zungusha kwa spana mpaka alama ya T kwenye sumaku, lile gurudumu linalozunguka pamoja na injini, ilingane na alama ya kwenye kava. Sasa tikisa roka kwa vidole: zote mbili zicheze kidogo. Kama zimekaza, zungusha duru moja nzima tena. Zikikaza, maana yake pistoni iko juu, sawa, lakini si kwenye mgandamizo, pale valvu zote mbili zinapokuwa zimefungwa. Hapa ndipo wengi hukosea, na hata mafundi wamo.

Honda CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Pikipiki nyingine, fuata kitabu chake. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta karatasi iliyolaliwa na kitabu. Shikilia skrubu ya kurekebishia mwanya unapokaza nati yake, kisha pima tena, maana nati hupenda kuondoka na skrubu.

Na tik-tik ndogo isikutishe. Mimi naogopa injini iliyo kimya mno, maana huenda tapeti zimebana: valvu ya ekzosi isipofunga vizuri huungua, na asubuhi utapiga kiki mpaka mguu ushikwe na ganzi.