Pikapu ya petroli ikigoma, gonga tangi kwanza

Hii nimeipata juzi Changamwe, jua la saa saba, madafu yamejaa nyuma na stata inazunguka tu bila injini kushika. Kabla ya kuita gari la kuvuta, fungua swichi bila kupiga stata, mtu atege sikio karibu na tangi. Pampu ya mafuta iliyo ndani ya tangi, ikiwa haina hitilafu, huvuma sekunde mbili hivi, kisha inanyamaza. Ukisikia kimya, toa gia, vuta hendibreki, mwenzio apige stata huku wewe unagonga tangi kwa chini, pale pampu ilipokaa, kwa nyundo ya mpira au kisigino cha kiatu. Nyundo ya chuma usitumie, cheche na petroli havipatani. Mara nyingi mota ya pampu hukwama kwa sababu brashi zake, vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme, zimelika na hazigusi vizuri. Mtikiso unazirudisha mahali pake. Yangu ilishika pigo la tatu.

Ikiwaka, usiizime mpaka gereji, maana pampu hiyo imeshaaga. Ukivuka feri Likoni na injini ukaizima, huenda isikuitikie tena.

Haisaidii kama fyuzi imeungua au relei, ile swichi ya umeme inayoiwasha pampu, imekufa. Relei ijaribu kwa kuibadilisha na ya honi, zikiwa za aina moja. Dizeli nyingi za zamani hazina pampu ndani ya tangi, kwa hivyo utagonga bure.

Na tangi usiliache likauke kila siku: petroli ndiyo inayoipoza pampu.