Namna ya Kupanga Safari ya Kuwaona Wanyama wa Visiwa vya Komoro

Visiwa vya Komoro viko kati ya mwambao wa Afrika na Bukini (Madagaska), na vyote vimetokana na volkano zilizochomoza kutoka sakafu ya bahari. Watu wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja huvijua kwa sababu ya biashara, arusi au jamaa walioko huko, lakini ni wachache wanaofunga safari kwa ajili ya wanyama wake, nao ni wanyama ambao baadhi yao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Anayetaka kuwaona hana budi kuanza na kalenda ya bahari na ya wanyama wenyewe, kisha ndipo atafute tiketi. Akifanya kinyume, anaweza kufika wakati ambapo nyangumi wamekwisha kuondoka na boti hazivuki.

Nyangumi wenye nundu hutoka bahari za Antaktika kuja kuzaa na kulea katika maji ya uvuguvugu, na huonekana kuanzia Julai hadi Oktoba. Kasa hutaga mwaka mzima, ingawa hupanda kwa wingi zaidi katika miezi ya ubaridi. Popo wakubwa wa milimani hawahami, ila njia ya kuwaendea huwa na utelezi mkali wakati wa mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna joto, mvua nyingi na hatari ya vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazidja, kisiwa kikubwa kuliko vyote, mwezi wa Aprili 2019 na kuacha uharibifu mkubwa. Kwa upande mwingine, kusi ya Juni na Julai huchafua bahari kiasi kwamba kuvuka kutoka kisiwa hadi kisiwa huwa ni kazi. Kwa maoni yangu, wakati unaofaa zaidi ni kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Oktoba, kwa kuwa kusi imeanza kulegea, ardhi imekauka, na nyangumi bado wapo pamoja na vichanga wao.

Jambo la pili ni kuzigawa siku vizuri. Utatua Hahaya, kisiwani Ngazidja, karibu na mji mkuu wa Moroni, lakini usikubali siku zako ziishie hapo. Ikiwa una siku kumi, tumia angalau sita kisiwani Mwali, ambacho ni kidogo kuliko vyote vitatu vya nchi hiyo (Ngazidja, Nzwani na Mwali) na ndicho chenye wanyama wengi walio rahisi kuwafikia. Huko ndiko ilikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya nchi mwaka 2001, kwa makubaliano na vijiji vya pwani vyenyewe, na mwaka 2020 UNESCO ilikiingiza kisiwa hicho katika orodha yake ya hifadhi za uhai anuwai. Nyumba za wageni ni chache, nyingi zikiwa za wanakijiji, kwa hiyo piga simu mapema na uthibitishe tena wiki moja kabla ya kuondoka.

Kutoka Dar es Salaam ndege huchukua muda mfupi tu. Ugumu uko kati ya visiwa. Ndege ndogo za ndani hubadilisha ratiba mara kwa mara, na boti zinazovuka kutoka Chindini, kusini mwa Ngazidja, hadi Hoani kisiwani Mwali hutegemea hali ya hewa. Ukichagua boti, vuka asubuhi mapema kabla upepo haujapanda, hakikisha kila abiria ana jaketi okozi, na ukiona boti imejazwa kupita kiasi, subiri nyingine hata kama umekwisha kulipa nauli. Pasipoti, simu na dawa zifungwe kwenye mfuko usioingiza maji. Rudi Ngazidja siku mbili kamili kabla ya ndege yako ya kimataifa, kwa sababu bahari ikichafuka hakuna fedha itakayokuvusha.

Kijiji cha Itsamia, mashariki mwa Mwali, ni mojawapo ya mahali muhimu kabisa pa kutagia kasa katika Bahari ya Hindi ya magharibi, na wanakijiji ndio wanaowalinda dhidi ya majangili. Fika kijijini mchana, ujiandikishe kwa walinzi, ulipe ada, na ukubaliane na mwongozaji. Kasa hupenda kupanda maji yanapojaa, kwa kuwa maji yakipwa miamba humzuia, kwa hiyo siku ya kwenda ina maana kubwa. Katika mwambao wetu, siku za bamvua (mwezi unapoandama au ukiwa mpevu) maji hujaa alfajiri na alasiri, ilhali siku za maji mafu (mwezi ukiwa nusu) hujaa mnamo saa nne usiku, saa ambayo mgeni anaweza kukaa pwani bila kukesha hadi asubuhi. Wape walinzi tarehe zako nao watakuambia usiku upi unafaa.

Ukiwa ufukweni, keti kimya mbali na maji, bila tochi. Alama utakayoiona kwanza ni mkururo mpana mchangani, kama njia ya gurudumu la trekta, unaotoka majini kuelekea majanini. Kasa aliye katika kupanda au kuchimba hushtuka upesi, na mwanga mmoja tu unatosha kumrudisha baharini na mayai yake tumboni. Lakini akishaanza kutaga hutulia, na hapo mwongozaji atakuita usogee kwa nyuma, huku akimulika kwa mwanga mwekundu hafifu. Utaona mapezi ya nyuma yaliyochimba shimo kwa kupokezana, pezi moja likichota mchanga na jingine likisubiri zamu yake, kisha mayai meupe yakidondoka mawili matatu kwa pamoja hadi yakapita mia. Machoni mwake hutiririka ute mzito unaofanana na machozi, ambao ni njia ya mwili wake ya kutoa chumvi. Usimguse, usitumie mwanga wa kamera, na usimkingie njia anaporudi, maana kufukia shimo kumemchosha sana. Watoto hutoka baada ya miezi miwili hivi, na ukibahatika utawaona wakikimbilia maji alfajiri.

Asubuhi inayofuata, tembelea ziwa la Dziani Boundouni lililo karibu, ambalo limo katika shimo la volkano ya kale.

Popo wa Livingstone anastahili siku nzima. Anaishi Nzwani na Mwali tu, ni mweusi, masikio yake ni ya mviringo, na mabawa yake yaliyokunjuliwa hufikia karibu mita moja na nusu. Yuko katika hatari kubwa ya kutoweka kwa sababu misitu ya milimani inakatwa kwa ajili ya mashamba. Kutoka kijiji cha Ouallah, kisiwani Mwali, mwongozaji atakupandisha hadi mahali unapoweza kuitazama miti wanamoning'inia, iliyo kwenye mteremko mkali. Chukua darubini, viatu vyenye soli ya kung'ata na maji ya kutosha. Tofauti na popo wengi, hawa huruka hata mchana, wakipanda juu kwa kuelea kwenye hewa ya moto. Njiani utakutana na komba wa asili ya Bukini, ambao yaelekea waliletwa na watu zamani.

Kwa nyangumi, kodi boti Nioumachoua, kisiwani Mwali, kupitia ofisi ya hifadhi, na umwombe nahodha apunguze mwendo, asipite kati ya mama na mwanawe, na azime mashine wanapokaribia. Nguva nao wapo, ila ni adimu mno. Usipange safari kwa ajili yao.

Siku zitakazobaki Ngazidja zinafaa kwa mlima Karthala, wenye mita 2,361, ambao ni volkano hai. Panda na mwongozaji, ulale huko usiku mmoja, na ubebe maji yote, kwa kuwa mawe yake hunyonya mvua na hakuna kijito. Msituni kuna bundi mdogo na ndege wengine wasiopatikana penginepo. Katika makumbusho ya taifa mjini Moroni utamwona gombesa, samaki wa kale wa jamii iliyodhaniwa imetoweka; mvuvi wa Nzwani alivua mmoja wa samaki hao mwaka 1952. Akiwa hai, hukaa kwenye kina ambacho mgeni hakifikii.

Beba yuro taslimu, noti ndogondogo, kwa sababu kadi hazitumiki nje ya Moroni. Viza kwa kawaida hutolewa uwanjani, lakini uulize kwanza ubalozi wa Komoro ulioko Dar es Salaam, na uchukue kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Muulize daktari kuhusu dawa za kinga ya malaria. Watu wengi huelewana na Mswahili kwa subira kidogo, na Kifaransa husaidia maofisini. Mavazi ya heshima yanatakiwa vijijini, na wakati wa Ramadhani chakula cha mchana na usafiri huwa vya shida. Ukiuziwa bangili ya ng'amba, kombe au tumbawe, kataa. Biashara ya magamba ya kasa imepigwa marufuku kimataifa, na utanyang'anywa kwenye ukaguzi wa forodha.